Tathmini: LibreOffice inapoganda ikifunguliwa, nani wa kulaumiwa?

Unabofya ikoni mara mbili. Bango la LibreOffice linatokea, mstari unasogea, dirisha linafunguka, kisha kila kitu kinasimama. Mshale unageuka duara linalozunguka, dirisha linapauka, na juu yake Windows inaandika kwamba programu haiitikii. Sekunde tano, kumi, wakati mwingine ishirini. Halafu inazinduka yenyewe na kufanya kazi siku nzima bila tatizo. Wengine husema inastaki, wengine inahengi. Wengi wakichoka huifuta, huisakinisha upya, na kesho yake wanakutana na hali ileile.

Tathmini hii inaiangalia LibreOffice kwa upande huo mmoja: dakika yake ya kwanza. Maoni yangu ni kwamba programu ni nyepesi kuliko inavyosemwa. Inapoganda mwanzoni na kisha kuzinduka, mara nyingi inasubiri jibu kutoka nje yake: printa iliyozimwa, folda ya seva isiyofikika, au draiva ya kadi ya michoro, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Kosa lake halisi ni kusubiri kimya, bila kumwambia mtumiaji inasubiri nini.

Kwa asiyeijua, LibreOffice ni mkusanyiko wa bure wa programu za ofisi: Writer ya kuandika, Calc ya hesabu, Impress ya mawasilisho na nyinginezo. Ilitokana na OpenOffice.org mwezi Septemba 2010 na inasimamiwa na The Document Foundation, taasisi yenye makao yake Berlin, Ujerumani. Hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Februari na Agosti, na tangu 2024 namba ya toleo hufuata mwaka na mwezi: 24.2, 24.8, 25.2, 25.8. Kifurushi cha Windows ya biti 64 kina takribani MB 350, kwa hiyo mwenye bando dogo akipakue mara moja na kukihifadhi kwenye flashi. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili inapatikana. Wakati wa kusakinisha chagua Custom na uhakikishe Kiswahili kimewekwa alama kwenye orodha ya kamusi. Anayetumia Windows 7 au 8 ajue kwamba toleo la 25.8 halizikubali tena.

Pima kwanza

Usiguse mpangilio wowote kabla ya kupima. Chukua saa ya simu, fungua Writer mara tatu, na andika sekunde chini.

Mara ya kwanza, anzisha kompyuta upya kwa Restart. Usitumie Shut down, kwa sababu Windows ya siku hizi ikizimwa hivyo huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski, na kipimo kitakudanganya. Mara ya pili, funga LibreOffice yote, fungua Task Manager, hakikisha soffice.bin, jina la LibreOffice ikiwa inaendeshwa, haimo tena kwenye orodha, kisha ifungue upya. Mara ya tatu, ifunge tena, zima Wi-Fi au chomoa waya wa mtandao, uifungue.

Ukikuta mara ya kwanza ni sekunde 18 na ya pili ni 4, tatizo ni diski. Mara ya pili faili za programu tayari ziko kwenye RAM, kwa hiyo Windows haihitaji kuzichota upya. Ukikuta mara ya kwanza na ya pili zinalingana, na kila ukipima unapata karibu muda uleule, hapo kuna kusubiri kwa kipimo. Diski inayochelewa haina sekunde maalum, leo 9 na kesho 14. Anayesubiri jibu la mtandao husubiri hadi muda uliowekwa uishe, ndipo akate tamaa. Windows ikijaribu kuunganisha na mashine isiyojibu kabisa hungoja takribani sekunde 20, na ndiyo maana namba hiyo hujirudia sana katika hitilafu hii.

Na ukizima mtandao kuganda kukatoweka, umepata mhalifu kwa nusu. Bila mtandao wowote Windows kwa kawaida hujua papo hapo kwamba hakuna njia ya kufika, haisubiri. Jaribio hili halina gharama na huchukua dakika mbili, ila ndilo linalorukwa kuliko yote.

Printa

Hiki ndicho chanzo cha kuangalia kwanza, hasa ofisini na kwenye maduka ya stesheneri. Watu hushangaa: sijachapisha chochote, printa inahusikaje? Writer inapofunguka huiuliza Windows habari za printa iliyo chaguo-msingi, kama ukubwa wa karatasi na uwezo wake. Printa ikiwa imezimwa, au anwani yake imebadilika, Windows inaenda kubisha mlango usiofunguliwa, na Writer inasimama nyuma yake.

Hali tatu hujirudia. Ya kwanza ni printa ya USB iliyochomekwa kwenye kompyuta ya mhasibu na kushirikishwa kwa wengine, yaani ile inayoonekana kama \\MHASIBU\Printa. Mhasibu akizima mashine yake, kompyuta zote zilizoichagua huganda. Ya pili ni printa ya mtandao iliyopewa anwani na ruta bila kuifunga: umeme ukikatika na kurudi, ruta inagawa anwani upya, printa inapata nyingine, na kompyuta zinaendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani. Ya tatu ni ya wenye laptopu. Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoitwa Let Windows manage my default printer, ambao huifanya printa uliyoitumia mwisho kuwa chaguo-msingi. Umechapisha ofisini saa kumi, umefika nyumbani, LibreOffice inaganda. Ukirudi ofisini kesho inafunguka vizuri, na fundi anasema haoni tatizo.

Jaribio lake: nenda Settings, fungua Printers & scanners, zima mpangilio huo wa Let Windows manage, kisha ifanye Microsoft Print to PDF kuwa chaguo-msingi. Funga LibreOffice yote, fungua, pima. Sekunde zikishuka kutoka 20 hadi 4, umemaliza upelelezi. Kama Microsoft Word imo kwenye mashine hiyohiyo, ifungue pia kabla ya kubadilisha, kwa sababu nayo huiuliza printa. Zote mbili zikiganda, acha kabisa kuilaumu LibreOffice.

Kuiacha Print to PDF kama chaguo-msingi ni suluhisho linalokubalika kwa laptopu inayozunguka. Utachagua printa halisi pale unapochapisha. Kwa kompyuta inayokaa ofisini, tengeneza chanzo. Ingia kwenye ruta, tafuta printa kwa anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe), na uifungie anwani moja ya IP. Kisha kwenye kila kompyuta fungua Printer properties, kichupo cha Ports. Bandari ikiwa ya aina ya WSD, ambayo Windows huiunda yenyewe inapoigundua printa, ongeza mpya ya Standard TCP/IP yenye anwani uliyoifunga. Ukiwa hapo bonyeza Configure Port na uondoe alama kwenye SNMP Status Enabled, yaani ukaguzi wa hali ya printa kupitia mtandao, kwani kwa printa nyingi ukaguzi huo ndio unaosababisha Windows kuiona kama haipo wakati ipo. Futa pia mizimu: zile nakala zenye jina la printa na Copy 1 mwishoni, na printa za ofisi mliyohama.

Foleni ya uchapishaji iliyokwama nayo huleta kuganda kunakofanana. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika net stop spooler, futa faili zilizomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha net start spooler. Futa faili tu, folda yenyewe iache.

Kama programu inafunguka vizuri ikiwa tupu lakini inaganda ukifungua waraka fulani, huenda waraka umebeba jina la printa ya mtu mwingine. Nenda Tools > Options > Load/Save > General na uondoe alama kwenye Load printer settings with the document.

Nyaraka za karibuni na folda za seva

Ukifungua LibreOffice bila kuchagua Writer wala Calc, unapata Start Center yenye picha ndogo za nyaraka ulizofungua karibuni. Orodha hiyo hubeba hadi nyaraka 25. Baadhi zikiwa kwenye diski ya mtandao, tuseme Z:, na seva imezimwa, programu inaweza kusimama ikizitafuta. Flashi iliyochomolewa kwa kawaida haileti shida, kwa sababu herufi yake haipo na Windows hujibu mara moja. Diski ya mtandao ni tofauti: herufi ipo, mwenyewe hayupo.

Dalili yake ni hii: ikoni ya LibreOffice inaganda, lakini ukifungua Writer moja kwa moja haigandi. Safisha orodha kwa File > Recent Documents > Clear List. Kisha andika net use kwenye Command Prompt uone diski zipi zimekatika, na ile isiyotumika tena iondoe, kwa mfano net use Z: /delete. Angalia pia Tools > Options > LibreOffice > Paths. Mstari wa Templates ukielekea kwenye seva ya zamani, utakusubirisha vilevile.

Picha zile ndogo huhifadhiwa kama maandishi ndani ya faili moja inayoitwa registrymodifications.xcu, pamoja na mipangilio yako yote. Faili hiyo iko ndani ya %APPDATA%\LibreOffice\4\user, na husomwa kila programu inapoanza. Ikiwa imevimba hadi MB kadhaa, kusafisha orodha kutaipunguza. Na kwenye taasisi ambako folda ya AppData ya kila mtumiaji imewekwa kwenye seva, faili hii yote inapita kwenye waya kila asubuhi, watu wote kwa wakati mmoja, saa mbili. Hapo usihangaike na programu; hamishia folda ya mtumiaji kwenye diski ya ndani kwa njia inayofuata.

Jaribio la folda mpya ya mtumiaji

Ushauri unaosambaa zaidi ni kufuta folda ya mtumiaji. Ni ushauri mbaya ukitolewa bila onyo. Ndani ya folda hiyo mna maneno yote uliyoiongezea kamusi, yako kwenye wordbook, na kwa anayeandika Kiswahili hiyo inaweza kuwa kazi ya miaka. Mna pia masahihisho ya moja kwa moja, violezo vyako na makro. Kuna njia isiyogusa chochote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

"C:\Program Files\LibreOffice\program\soffice.exe" -env:UserInstallation=file:///C:/Users/Public/lo-jaribio

Programu itafunguka kana kwamba imesakinishwa leo, ikitumia folda mpya, huku ya zamani ikibaki ilivyo. Hakikisha LibreOffice ya kawaida imefungwa kwanza. Usipime ufunguzi wa kwanza wa folda hii, kwa sababu programu inakuwa inaijenga. Pima wa pili.

Kuganda kukitoweka, chanzo kimo ndani ya folda yako ya zamani: orodha ya nyaraka, kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza), njia za folda, au faili iliyoharibika umeme ulipokatika ghafla. Kukibaki, chanzo kiko nje: printa, draiva, antivairasi, diski. Kwa jaribio moja umegawa tatizo katikati.

Kama kimo ndani, fungua Help > Restart in Safe Mode. Anza na Restore from backup, ambayo hurudisha nakala ya mipangilio iliyokuwa ikifanya kazi. Ikishindikana, jaribu Disable all user extensions. Reset entire user profile iwe ya mwisho kabisa, na kabla yake bonyeza Archive User Profile upate nakala.

Kadi ya michoro

Tangu toleo la 7.0 la Agosti 2020, LibreOffice kwenye Windows huchora dirisha lake kwa maktaba iitwayo Skia, ambayo huweza kutumia kadi ya michoro kupitia Vulkan, njia ya programu kuzungumza na kadi hiyo. Kwenye mashine mpya ni faida. Kwenye laptopu za mtumba zenye Intel HD ya zamani na draiva isiyosasishwa kwa miaka, kuiamsha Vulkan kunaweza kugharimu sekunde kadhaa, na dirisha likatokea jeusi au jeupe kabla ya kujichora. Weusi au weupe huo ndio alama ya kuitofautisha na printa, ambako dirisha huwa limechorwa ila halisikii.

Nenda Tools > Options > LibreOffice > View, weka alama kwenye Force Skia software rendering, anzisha programu upya. Kwa kazi ya barua na majedwali hutaona tofauti ya kasi ya uchoraji. Ukipata nafuu, sasisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, kisha uondoe alama na ujaribu tena. Writer ikiwa nzima lakini Calc peke yake ndiyo inayoganda, angalia ukurasa wa OpenCL (njia ya kupiga hesabu kwa kadi ya michoro) kwenye Options hizohizo na uizime.

Dawa zinazosifiwa bure

Kuzima Java ndiyo dawa inayorudiwa kila mahali. Writer, Calc na Impress hazihitaji Java ili zifunguke. Inahitajika kwa sehemu za Base (programu ya hifadhidata), baadhi ya wizadi, na viendelezi vilivyoandikwa kwa Java. Kama huna kiendelezi cha aina hiyo, kuizima kwenye ukurasa wa Advanced hakutabadilisha saa yako. Kama unacho, basi ni kweli utaona nafuu, ila bora ukiondoe kiendelezi chenyewe. Tangu 7.4 ukaguzi wa sarufi wa LanguageTool umejengwa ndani na huongea na seva kwenye intaneti; haujawashwa mpaka uuwashe, na ukiuwasha penye mtandao hafifu tegemea kusitasita ukifungua waraka mrefu.

Kuongeza RAM nako mara nyingi si jibu. Mahitaji rasmi ni MB 256 kwa uchache na MB 512 kama pendekezo. Kompyuta ya GB 4 isiyo na kivinjari chenye vichupo thelathini inatosha. Fedha hiyo inunulie SSD (diski ya kasi), kama kipimo chako kilionyesha ufunguzi wa kwanza ni mrefu na wa pili ni mfupi.

Quickstarter huacha sehemu ya programu ikiwa tayari kwenye RAM tangu kompyuta inapowaka. Inaficha tatizo la diski vizuri. Tatizo la printa haiwezi kulitibu, na inavuruga vipimo kwa sababu soffice.bin haizimiki, izime wakati unapima.

Antivairasi inastahili neno moja: ongeza C:\Program Files\LibreOffice kwenye orodha ya visivyokaguliwa, pima, kisha uiondoe kama hakuna tofauti. Fonti nazo, kwa wanaofanya usanifu na wamejaza elfu moja au mbili, huongeza muda, punguza zisizotumika.

Kwenye Linux njia ni ileile kwa amri nyingine. Andika lpstat -t kwenye terminali. Amri hiyo yenyewe ikisimama, tatizo ni CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, na printa zake. Kupima uchoraji, andika SAL_USE_VCLPLUGIN=gen libreoffice --writer. Dirisha litakuwa la sura ya zamani, lakini likifunguka haraka, chanzo kiko kwenye GTK, maktaba inayochora madirisha, au draiva ya michoro.

Alama

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopotea imepotea hapa hasa. Programu inayomfanya mtumiaji asubiri sekunde 20 inapaswa kuandika kwenye bango lake kwamba inatafuta printa fulani, na iweke kitufe cha kuruka. Kazi ya kumuuliza printa isingepaswa kulisimamisha dirisha zima. Safe Mode yake kwa upande mwingine ni nzuri sana, na mtu asiye fundi anaweza kuitumia bila kuharibu kazi zake.

Ukishajaribu yote na bado inaganda, pakua Process Monitor ya Microsoft, programu inayorekodi kila faili na anwani ambayo programu nyingine inagusa; ni ya bure. Weka kichujio cha Process Name kuwa soffice.bin, anza kurekodi, fungua LibreOffice, simamisha ikizinduka. Tembea kwenye safu ya saa hadi uone pengo la sekunde kadhaa. Mistari iliyo kwenye ukingo wa pengo mara nyingi hutaja faili au anwani iliyokuwa ikisubiriwa. Ukiona BAD NETWORK PATH, soma jina lililo mbele yake. Ukiamua kuripoti kwenye Bugzilla, tovuti ya hitilafu ya The Document Foundation, nakili maelezo ya toleo kutoka Help > About LibreOffice, andika vipimo vyako vitatu, na kama ni mambo ya michoro ambatisha skia.log iliyo kwenye %APPDATA%\LibreOffice\4\cache. Rekodi nzima ya Process Monitor usiiweke hadharani: ina majina ya folda na nyaraka zako zote. Kata mistari michache iliyo kabla na baada ya pengo, uitume hiyo.